Kabla hujalipa gari la dizeli, pitisha kidole kwenye eksozi

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nizungumze na wenzangu wanaojichangachanga kununua gari, hasa wale wanaofika yadi na kuambiwa, "Chukua ya dizeli, mama, inakula kidogo na ina nguvu." Mimi niliambiwa hivyo hivyo, nikachukua.

Kazi yangu ni kupika vyakula vya shughuli: harusi, ubarikio, arobaini, mahafali. Naishi Tabata. Kwa miaka saba sufuria zangu zilibebwa na Noah ya petroli, mpaka ikachoka. Mwaka 2023 nikaiuza, nikajumlisha na hela ya kikoba, nikaenda yadi moja hapa Dar es Salaam. Hapo ndipo nilipoiona Mazda CX-5 nyekundu ya mwaka 2014, injini ya dizeli ya lita 2.2, kwenye dashibodi imeandika kilomita 78,000. Bei milioni 38. Pembeni yake ilisimama nyingine ya mwaka huo huo, ya petroli, bei pungufu kidogo. Kijana wa yadi akaipita ile ya petroli kama haipo.

Nilimwuliza yote niliyojua kuuliza. Limewahi kupata ajali? Gia boksi nzima? Kiyoyozi kinapooza? Alinijibu vizuri na kwa adabu. Ila yeye hakuniuliza swali hata moja, na lilikuwepo moja tu la maana: kila siku utakuwa unakwenda wapi na gari hili? Ningemjibu kwamba natoka Tabata asubuhi kwenda sokoni Ilala, nazima. Natoka sokoni kwenda buchani, nazima. Narudi nyumbani, nazima. Jioni napeleka chakula ukumbini, foleni mwanzo mwisho. Mtu anayeyajua magari hayo akisikia maisha ya namna hiyo anatakiwa akushike mkono akupeleke kwenye ile ya petroli.

Wiki ya tatu, niko kwenye foleni ya Buguruni na sufuria tatu za pilau nyuma, taa ya njano ikawaka kwenye dashibodi. Baada ya dakika chache gari likaishiwa nguvu. Nakanyaga mafuta, linatambaa. Nilifika ukumbini bibi harusi ameshaingia. Aibu ile naijua mwenyewe.

Kesho yake nikaenda gereji ya karibu. Fundi hakufungua hata boneti. Akasema, "Hiyo ni DPF, chujio la masizi, imeziba, dada. Tunaikata, tunatoa vilivyomo ndani, tunachomelea tena. Kuna kijana anakuja na laptopu, anaifuta kwenye kompyuta ya gari. Laki nane, kesho jioni unaondoka nalo." Akaongeza kwamba wenye CX-5 wote wanaokwenda kwake wanafanya hivyo.

Hela nilikuwa nayo kwenye mkoba, na nilikaribia kuitoa. Kilichonizuia ni vitambaa. Nina vitambaa vyeupe vya kufunikia vyakula, naviloweka, navifua, naviweka kwenye jiwe, naanika uani. Jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta ana gari la dizeli aliloling'oa kitu hicho hicho mwaka mmoja nyuma. Kila asubuhi saa kumi na mbili analiwasha na kulikanyagia mafuta ili lipate moto, na kila nikianua vitambaa nakuta vidoti vyeusi. Ukivifuta kwa mkono vinachora mstari. Masizi ya dizeli yana mafuta, hayatoki kwa maji matupu. Kwa hiyo fundi aliposema "tunaikata", nilichokiona kichwani ni vitambaa vyangu, na nikajiuliza hayo yanayotua kwenye kitambaa yanatua wapi tena. Nikamwomba anipe siku mbili.

Nikaelekezwa kwa fundi mmoja mtu mzima, maeneo ya Gerezani. Huyu alianza na kijiti cha oili. Akakichomoa, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena, akanipa mkononi. "Nusa, mama." Nikanusa. Harufu ya dizeli, wala si ya kutafuta. Kisha akanionyesha kwamba kwenye kijiti cha injini hiyo, juu ya alama ya kujaa, kuna herufi X imechongwa. Oili yangu ilikuwa imeipita X. Sijaongeza oili hata tone tangu nilipolichukua gari, lakini oili imepanda. "Gari likipunguza oili unaogopa," akasema, "hili ukiona linaongeza, ogopa zaidi."

Nilimwomba anieleze taratibu, na ninayoandika hapa ndiyo niliyoyaelewa. DPF ni chujio la masizi. Kwa nje ni kopo la chuma kwenye njia ya moshi, karibu kabisa na injini. Alikuwa nalo moja bovu la gari jingine, limepasuliwa kati, akalileta. Ndani ni kigae kilichojaa vijitundu vya mraba kama sega la nyuki, vidogo kuliko punje ya mchele. Akaniambia nikielekeze kwenye jua nitazame. Nikatazama, giza. Haupiti mwanga hata kidogo, na haikuwa kwamba kimeziba. Kila kijitundu kimezibwa ncha moja kiwandani, na jirani yake kimezibwa ncha ya pili. Moshi ukiingia hauna pa kutokea ila kupenya kwenye ukuta wa kigae chenyewe. Hewa inapita, masizi yanabaki.

Yakijaa, gari huyachoma lenyewe. Injini inanyunyiza dizeli nyingine kidogo baada ya mlipuko, dizeli hiyo inakwenda kuwaka kwenye njia ya moshi, joto ndani ya chujio linafika kama digrii 600, masizi yanaungua. Kazi hiyo inahitaji dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatika. Mimi mwendo wangu wa kutoka nyumbani hadi sokoni ni kilomita saba za kusimama na kuondoka. Kwa hiyo kila gari lilipoanza kuyachoma, nililizima katikati. Na ile dizeli ya ziada isiyopata nafasi ya kuungua ikateremka kwenye kuta za silinda, ikaingia kwenye oili. Oili ikawa nyepesi kama maji ya kunde. Chujio unaweza kulinunua jingine, lakini oili ya namna hiyo inakula vyuma vya injini na tabo (turbo), na hapo ndipo mtu anapoachwa na gari juu ya mawe.

Niliporudi nyumbani nililitafakari jambo hili mbele ya jiko langu, maana mpishi yeyote anajua tofauti ya masizi na majivu. Masizi ya kwenye tako la sufuria yakipata moto mkali yanaungua, sufuria inabaki nyeupe mahali hapo. Majivu yameshaungua, moto hauyafanyi kitu tena. Jiko la mkaa lisipokung'utwa, matundu ya chini yanaziba, moto unakosa pumzi hata mkaa uwe mzuri namna gani. Chujio la gari lina vyote viwili. Masizi yanatoka kwenye dizeli, na hayo gari linayachoma. Majivu yanatoka kwenye oili ya injini, kwenye zile dawa zenye madini wanazochanganya kiwandani, na hayo hayaungui. Yanajikusanya kidogo kidogo kwa maelfu ya kilomita, mpaka siku chujio litolewe likasafishwe.

Ndiyo maana magari haya yana oili yake, yenye majivu machache. Kwenye kopo la Kijapani utaona DL-1, kwenye la Ulaya utaona herufi C na namba, kama C3. Fundi akaniuliza wa yadi walimwaga ipi. Nikakumbuka kwamba waliniwekea "oili mpya, zawadi ya mteja." Nikampigia yule kijana. Akasema ni oili nzuri sana ya dizeli, ile ya pipa, wanayowekea malori. Alisema kwa kujivunia na naamini hakukusudia kunidhuru. Hakujua. Na mimi sikujua. Watu wawili wasiojua tukauziana kitu cha milioni 38.

Na kwa kuwa majivu yanakwenda na kilomita, ile namba ya kwenye dashibodi si ya kupuuza. Magari mengi ya Japani hupitia mnadani, na mnada hutoa karatasi iliyoandikwa kilomita na kasoro za gari. Niliiomba baada ya kununua. Nikaambiwa imepotea. Wewe iombe kabla.

Jumapili moja alfajiri tukatoka, mimi na fundi, oili tumeshaimwaga na kuweka DL-1. Foleni tukaiacha nyuma, Kibaha tukaipita kabla ya jua kuchomoza. Fundi amepachika mashine yake ya kusomea chini ya usukani, ameishika mapajani. Kati ya Mlandizi na Chalinze, gari likiwa kwenye mwendo mmoja usiobadilika, akasema, "Sasa hivi linachoma." Mimi sikuhisi kitu zaidi ya mngurumo kuwa mzito kidogo. Akawa ananisomea joto: mia nne, mia tano na hamsini, mia sita na kumi. Namba ya masizi ikawa inashuka tone kwa tone, na mimi nimebana usukani kama ninayesubiri mtoto azaliwe. Tulipofika Chalinze ilikuwa imekaribia sifuri. Nguvu zikarudi. Lakini msukumo wa hewa kabla na baada ya chujio bado ulitofautiana kuliko inavyotakiwa, akasema hayo sasa ni majivu, na majivu yalikuwa mengi kuliko ya gari la kilomita 78,000. Mengine sikumwuliza.

Chujio likafunguliwa, likasafishwa kwa dawa na maji kutokea upande wa nyuma, likakaushwa, likarudishwa. Laki sita na nusu. Jipya nilitajiwa milioni sita na ushee. Pamoja na oili na kazi, nililipa karibu sawa na ile laki nane ya kukata, na gari langu hadi leo ukipitisha kitambaa ndani ya eksozi kinatoka kama kilivyoingia.

Hilo la kitambaa ndilo nililoshikia kalamu. Gari la dizeli lenye chujio zima, mdomo wa eksozi kwa ndani ni mkavu na msafi, hata likiwa limetembea miaka. Ukipitisha kidole kikatoka cheusi tii, basi chujio limepasuka au halimo. Halihitaji mashine wala fundi. Nenda yadi na kitambaa cheupe mkobani, na nenda asubuhi mapema, uwaambie wasiliwashe kabla hujafika, maana gari lililopata moto linaficha mengi. Ukifungua ufunguo bila kuwasha injini, taa za onyo za dashibodi zinatakiwa ziwake kwanza, kisha zizime injini ikishika. Taa ya injini ambayo haiwaki kabisa hata hapo, kuna mtu ameigusa. Chomoa kijiti cha oili, nusa. Mwombe fundi wako aingie chini atazame kama kopo lina mshono wa kuchomelea usio wa kiwandani, na apachike mashine asome masizi na msukumo. Fundi mwenye mashine hiyo anakutoza hela pungufu kuliko bei ya tairi moja. Akivitazama pia vile vimpira viwili vyembamba vinavyokwenda kwenye sensa ya msukumo itakuwa vizuri, maana vikipasuka taa inawaka na chujio linasingiziwa. Na usilipe kabla hujaliendesha barabara ndefu. Yadi ikikukatalia hilo, nunua kwingine.

Nasikia hoja mbili kila ninapolizungumza jambo hili. Ya kwanza ni kwamba dizeli haisumbui, tangu zamani. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa Land Cruiser ya injini ya 1HZ, akaitembeza barabara za vumbi miaka na miaka kwa oili yoyote aliyoipata. Ni kweli, ila gari lile halikuwa na chujio hili. Tunanunua CX-5, X-Trail na Prado za dizeli za miaka hii tukiwa na kichwa cha Land Cruiser ya baba. Hoja ya pili ni ya mafundi, kwamba mafuta yetu ni machafu, kwa hiyo chujio halifai huku. Dizeli ya Japani ina salfa isiyozidi sehemu 10 katika milioni, na kiwango kilichoanza kutumika Jumuiya ya Afrika Mashariki Januari 2015 ni kisichozidi 50. Tofauti ipo. Lakini 50 ni kiwango ambacho machujio haya yanaweza kufanya kazi nacho. Unayetakiwa kumwogopa ni muuza mafuta ya madumu pembeni ya barabara.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hela. Mama yangu amepikia kuni maisha yake yote, na leo kifua chake kinalia kama mlango usio na mafuta. Najua masizi yanamfanya nini mtu. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Wajapani wenyewe hawakuzaliwa na magari masafi. Gavana wa Tokyo wa wakati huo, Shintaro Ishihara, alikuwa akiwaonyesha waandishi wa habari chupa iliyojaa masizi meusi ili watu waone wanachovuta, na kuanzia Oktoba 1, 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyotimiza kiwango yakazuiwa kuingia Tokyo na mikoa mitatu ya jirani. Chujio lililomo kwenye gari langu limetokana na mapambano ya watu wale. Gari linavuka bahari nalo, linafika Tabata, linakatwa kwa msumeno wa umeme, na kigae kinatupwa mtaroni. Watoto wetu wanaokwenda shule kwa miguu pua zao ziko karibu zaidi na mdomo wa eksozi kuliko zetu.

Kwa hiyo naomba mambo machache. Wenye yadi, mwulizeni mteja safari zake kabla hamjamsifia dizeli, wekeni oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na tunzeni karatasi ya mnada mpaka mnunuzi aione. Mafundi, mkikata chujio andikeni kwenye risiti kwamba mmelikata, ili gari likiuzwa ukweli uende nalo. Na wanaokagua magari yetu, Uingereza tangu Februari 2014 gari lililotoka kiwandani na chujio likikutwa halina linafeli ukaguzi wa mwaka, hata kama siku hiyo halitoi moshi. Kuchungulia chini ya gari hakuhitaji mtambo wa mamilioni.

Mimi sasa kila Jumapili ya pili natoka alfajiri hadi Mlandizi na kurudi, nikitoka huko nanunua mananasi na mkaa, safari isipotee. Mteja akinitangazia shughuli ya Bagamoyo nafurahi mara mbili. Lakini kama ningeambiwa mapema, ningechukua ile ya petroli.

Jirani yangu ameamua kuuza gari lake. Jumatatu amebandika karatasi kwenye kioo cha nyuma: dizeli, halina tatizo, bei ya maelewano. Nimekwenda kuongea naye kwa upole, nikamwomba amwambie atakayekuja kwamba chujio halimo. Amenijibu kwamba hakuna anayeuliza kitu hicho. Juzi walifika vijana wawili na mama mmoja mwenye ujauzito, wakafungua milango, wakajaribu redio, wakapiga picha na kuondoka. Walisema watarudi Jumamosi na hela.

Mpishi wa shughuli,
Tabata, Dar es Salaam
(Jina langu nimempa mhariri)